Swali Lisiloulizwa kwa Kiswahili: Usonji na Msaada wake Lubumbashi

Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi aliofanya katika miji tisa ya nchi sita za Afrika: Ghana, Nigeria, Kenya, Zambia, Afrika Kusini na nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Aliingia katika taasisi zilizowatunza watoto wenye ulemavu wa akili akitafuta walio na usonji, na kati ya watoto zaidi ya 1,300 aliwapata 9 tu. Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, haikuwa katika safari yake, ingawa mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa uko chini ya kilomita mia moja kutoka mji wetu wa Lubumbashi. Hesabu kama hiyo ni rahisi kuisoma vibaya. Msomaji wa haraka ataiona kama ushahidi kwamba usonji ni jambo la Ulaya na Marekani, na kwamba watoto wetu wamesalimika. Kumbe Lotter alitafuta katika taasisi peke yake, na katika miji ya Afrika ya miaka ile watoto waliofika kwenye taasisi walikuwa wachache mno. Mtoto aliyekaa ndani ya nyumba ya nyanya yake hakuhesabiwa, kwa sababu hakuna aliyekwenda kubisha hodi huko.

Miongo karibu minne baadaye, mwaka 2016, watafiti wa Kinshasa walichapisha uchunguzi wa watoto 450 waliokuwa wamepelekwa kwenye kliniki za matatizo ya ukuaji wa ubongo. Kati yao, 120 walithibitika kuwa na usonji, wavulana wakiwazidi wasichana mara tatu hivi. Haifai kuzilinganisha hesabu hizi mbili kana kwamba zimepimwa kwa mizani moja, maana kliniki si nyumba ya malezi, na vigezo vya uchunguzi vilikuwa vimebadilika sana. Ila ndani ya matokeo ya Kinshasa kuna jambo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko idadi yenyewe. Robo tatu ya watoto hao walikuwa pia na ulemavu wa akili, na zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa na kifafa. Wastani wa umri wao ulikaribia miaka minane. Katika tafiti za nchi tajiri kifafa huonekana kwa sehemu ndogo zaidi ya watu wenye usonji. Tofauti hii ina maelezo mawili yanayoweza kwenda pamoja. La kwanza ni la kitabibu: malaria kali ya ubongo, homa ya uti wa mgongo na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa huacha majeraha ambayo huzaa kifafa na matatizo mengine kwa pamoja. La pili linahusu njia ya kufika kliniki. Mtoto akianguka na kutoka povu, familia nzima inakurupuka, nauli inatafutwa, na jirani anabeba. Mtoto anayenyamaza, anayepanga vifuniko vya chupa kwa mstari saa nzima bila kumwita mtu, hamkurupushi yeyote. Anasubiri. Kwa hiyo ninashuku kwamba wengi wa watoto wale 120 hawakupelekwa kliniki kwa sababu ya usonji. Walifikishwa na kifafa, na usonji ukagunduliwa hapohapo.

Dai langu linatokana na hapo. Kinachokosekana Lubumbashi kwanza kabisa ni swali: swali linaloulizwa mapema, katika lugha ya nyumbani, mahali ambapo mama tayari anafika na mtoto mgongoni. Mashine na madaktari bingwa vinahitajika, lakini vinafuata. Na msaada unaofuata swali hilo unaweza kuanza, na unapaswa kuanza, kabla hati ya bingwa haijaandikwa.

Usonji ni jina lililozoeleka Tanzania na Kenya. Lubumbashi, wazazi waliobahatika kupata jina hulisikia kwanza kwa Kifaransa, autisme, kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Jina hilo linataja namna ya ubongo kukua ambayo huanza mapema kabisa maishani na hudumu hadi uzee. Ishara zake ziko katika mafungu mawili: ugumu wa kuwasiliana na kuingiliana na watu kwa njia ambazo wengine huzitarajia, na mwelekeo wa kurudiarudia, kushikilia utaratibu uleule, na kuhisi sauti, mwanga, ladha au mguso kwa ukali kupita kiasi au kwa udogo kupita kiasi. Maelezo haya ya kitabu huwa hai tu yanapotua kwenye meza yetu. Mtoto anakula bukari, yaani ugali, lakini sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikigusa bukari hata kidogo anasukuma sahani na kulia kana kwamba ameungua. Mama anadhani ni ukaidi, na shangazi anadhani ni kudekezwa. Yumkini kwa mtoto yule mchanganyiko wa ulaini na nyuzi mdomoni ni adha halisi, kama ilivyo adha kwa mtu mwingine kukwaruza kucha kwenye bati. Jenereta ikinguruma umeme unapokatika, anaziba masikio na kujificha chini ya kitanda. Njia ya kwenda kwa bibi ikibadilishwa kwa sababu ya tope, anajitupa chini. Mwingine anasema sana, tena kwa ufasaha, lakini anarudia tangazo la redio neno kwa neno wakati anapotaka maji. Wote hawa wako ndani ya jina moja, na ndiyo sababu jina lenyewe limekuwa gumu kueleweka hata huko lilikotungwa.

Huko lilikotungwa, ni vizuri kukumbuka, hawakuanza na hekima. Daktari Leo Kanner alieleza watoto 11 mwaka 1943 huko Baltimore, na maelezo yake ya tabia zao bado yanasomwa kwa heshima. Lakini katika miongo miwili iliyofuata lilienea wazo kwamba mtoto anajifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu mama yake ni baridi, hana upendo. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule maalumu ya Chuo Kikuu cha Chicago, aliliandikia wazo hilo kitabu kizima kilichotoka mwaka 1967. Akina mama walikaa mbele ya madaktari wakisikilizwa kama washitakiwa. Ilibidi Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, aandike mwaka 1964 kwamba chanzo kiko katika mwili. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakaonyesha, kwa jozi 21 za mapacha, kwamba katika jozi 11 za mapacha wa kufanana kulikuwa na jozi 4 ambazo wote wawili walikuwa na usonji, ilhali katika jozi 10 za mapacha wasiofanana hapakuwa na hata moja. Hesabu ndogo, lakini iligeuza mjadala mzima. Tangu hapo imethibitika kwa tafiti kubwa zaidi kwamba urithi una nafasi kubwa, na kwamba malezi ya mama hayasababishi usonji.

Ninaitaja historia hii kwa makusudi, kwa sababu ni desturi kuitazama habari ya bulozi, yaani shutuma za uchawi, katika miji ya Kongo kama ushahidi wa giza la pekee la Waafrika. Ukiitazama mantiki yake, shutuma ya Chicago na shutuma ya chumba cha maombi ni ndugu. Zote mbili zinakutana na mtoto asiyeeleweka, na badala ya kuuliza mtoto huyu anaona na kusikia nini, zinauliza nani ana hatia. Tofauti iko kwa mshitakiwa: Chicago alikuwa mama, kwetu mara nyingi ni mtoto mwenyewe, au nyanya aliyemlea. Uchunguzi wa kianthropolojia wa UNICEF uliotoka mwaka 2010 kuhusu watoto wanaoshutumiwa uchawi Afrika unawataja hasa wenye ulemavu, wenye kifafa, na wale ambao mwenendo wao si wa kawaida: wakaidi, wakali, wanaojitenga. Sifa hizi mtu angeweza kuzichukua kutoka ukurasa wa kitabu cha usonji. Si kila mtoto anayeitwa mulozi, yaani mchawi, ana usonji. Umaskini, vifo katika familia na ndoa za pili vina sehemu yao kubwa. Lakini mtoto mwenye usonji anaingia katika hatari hiyo akiwa hana silaha, kwa kuwa hawezi kujieleza, na anapoulizwa kwa ukali hatazami usoni, jambo ambalo mwulizaji huligeuza kuwa ungamo.

Sheria yetu haikunyamaza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Kongo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu. Sheria zetu hizi ziliandikwa kwa Kifaransa. Mtoto atalindwa nazo siku ile jirani wa mtaa wetu wa Katuba atakapoweza kumwambia pasta, kwa Kiswahili na kwa uhakika, kwamba mtoto huyu ana usonji na kwamba kumfunga na kumnyima chakula ili apone ni kosa la jinai.

Hapa nafika kwenye kiini cha hoja, yaani lugha. Uchunguzi wa usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu. Unategemea kumtazama mtoto na kumsikiliza anayeishi naye. Hii maana yake ni kwamba ushahidi wote mkubwa uko kinywani mwa mama, na mama huyo anasema Kiswahili cha Lubumbashi. Akifika mbele ya mtaalamu anayeandika kwa Kifaransa, maneno yake hupita katika kichujio. Anaposema kwamba mutoto kichwa yake haiko muzuri, kwenye faili panaandikwa ulemavu wa akili. Anaposema hasikii, panaandikwa uziwi, ingawa alichokusudia ni kwamba mtoto hageuki akiitwa, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Maelezo hayo ya pakiti ya biskuti yana thamani kuliko neno zima la kitabibu, na ndiyo hayo yanayopotea njiani.

Wala haitoshi kutafsiri dodoso lililopo. Chukua lile linalotumika sana duniani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, linalojulikana kwa kifupi M-CHAT. Linauliza kama mtoto anaonyesha kitu kwa kidole, kama anaigiza kunywa kwenye kikombe kitupu au kuongea kwa simu, kama anapenda kupanda juu ya vitu kama vifaa vya uwanja wa michezo, na kama anamtazama mzazi machoni. Kidole na kikombe vinavuka mipaka bila shida, na siku hizi simu pia. Uwanja wa michezo wenye vifaa ni nadra kuuona katika mtaa kama Kampemba. Pale mtoto anapanda rundo la matofali au ukuta usiomalizika. Swali la macho ndilo gumu kabisa. Mtoto aliyelelewa vema kwetu huinamisha macho mbele ya mkubwa, na mama akiulizwa kwa mkato kama mwanawe anamtazama machoni, anaweza kusikia swali la adabu. Mtoto wa miezi 18 bado hajafunzwa adabu hiyo, kwa hiyo ishara ipo. Inabidi tu iulizwe vingine: unapomlisha, je, anakutafuta kwa macho? Ukimwogesha na kumchekesha, anakurudishia kicheko? Anayejua kuuliza hivyo ni mtu aliyekulia katika lugha hii. Uganda wenzetu walikwisha kuelewa jambo hili: mtafiti Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake waliyachukua maswali kumi ya zamani ya kutambua ulemavu wa watoto, wakayaongezea mengine ya usonji na kuyapima katika mazingira yao wenyewe. Kazi ya namna hiyo ingekiwezesha Kitivo cha Saikolojia na Sayansi ya Elimu cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kufanya jambo ambalo Paris haiwezi kulifanya kwa niaba yake.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya ni zito na linatolewa na watu makini: kuwapa wauguzi na walimu kazi ya kutambua usonji ni kufungua mlango wa makosa. Mtoto kiziwi ataitwa mwenye usonji, mtoto aliyechelewa kusema tu atabandikwa jina la maisha yote. Nakubali kwamba hatari ipo. Ndiyo sababu natofautisha kuuliza na kuthibitisha. Muuguzi anayeuliza maswali kumi na kuona wasiwasi hatoi jina; anampeleka mtoto apimwe masikio kwanza, kisha anaanza kumfundisha mzazi mambo ambayo hayamdhuru mtoto yeyote hata kama jina litakuja kuwa jingine. Kukaa chini usawa wa macho ya mtoto, kungoja, kufuata mchezo anaoupenda, kutumia maneno mafupi, kumwonyesha kitu huku ukikitaja, kumwandaa kabla ya badiliko: mtoto kiziwi, mtoto aliyechelewa na mtoto mwenye usonji wote wanafaidika. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo ya walezi ya namna hii, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani, yakiongozwa na watu wasio mabingwa, na Kenya na Ethiopia ni miongoni mwa nchi zilizoyafanyia kazi. Ushahidi wa faida yake bado unakusanywa, na sitaki kuupamba. Lakini ukilinganishwa na kungoja hadi mtoto atimize miaka minane, nauona wa kutosha kuanzia. Mabingwa wachache tulio nao, wale wa Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo au wa Hospitali ya Sendwe, watumie muda wao kwa watoto ambao maswali yamekwisha kuwachuja, na kwa kutibu kifafa, ambacho moja ya dawa zake za bei nafuu imejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wengine watasema nchi yenye vita mashariki, surua na utapiamlo haiwezi kujishughulisha na usonji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwa miaka kadhaa kwamba mtoto mmoja kati ya mia moja duniani ana usonji. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu 1984, lakini hakuna anayebisha kwamba Lubumbashi imepita watu milioni moja kwa mbali. Hata katika kila milioni moja, kiwango hicho kingetoa watu 10,000. Hao hawawezi kuitwa jambo dogo la pembeni. Na mji huu una kumbukumbu ya huduma iliyopangwa: enzi za kampuni ya madini ya Union Minière na baadaye Gécamines, familia ya mfanyakazi ilipimwa, ikatibiwa na kusomeshwa na kampuni, kwa ubabe wa kikoloni usiofaa kutamaniwa, lakini kwa mpangilio. Baada ya zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuachishwa kuanzia 2003, mzigo huo ulirudi mabegani mwa mama. Kumsaidia abebe vema gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kuna pia maelezo yanayozidi kusikika mjini, kwamba usonji unaletwa na migodi. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtafiti Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walionyesha mwaka 2009 kiasi kikubwa cha kobalti katika mikojo ya watu wa Katanga, na mwaka 2020 uchunguzi uliofanyika Lubumbashi uliona uhusiano kati ya baba kufanya kazi za madini na mtoto kuzaliwa na kasoro za maumbile. Kasoro hizo ni za mwili, zinazoonekana siku ya kuzaliwa. Uchunguzi ule haukupima usonji, na kuutumia kama ushahidi wa usonji ni kuupa uzito usio wake. Kudai hewa na maji safi ni haki inayojitosheleza bila kukopa hoja. Ninaogopa zaidi athari yake nyumbani: baba mchimbaji atakayeamini kwamba ndiye aliyemharibu mwanawe amepewa hatia mpya mahali pa ile ya bulozi, na tumezunguka tukarudi Chicago.

Kuhusu maombi, sioni sababu ya kuyapiga vita. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta wazazi Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi wakitaja mapepo, laana na uchawi sambamba na maradhi, urithi na shida za uzazi, na wakitafuta tiba pande zote. Watu wa Lubumbashi hawako tofauti. Kanisa ni mahali ambapo mama anashikwa mkono, na mama aliyeshikwa mkono anadumu. Mpaka uwekwe pale mtoto anapofungwa, kupigwa, kunyimwa chakula au kunyweshwa vitu, na pale mama anapoambiwa aache dawa ya kifafa. Pasta anayeujua mpaka huo anaweza kufikisha watoto wengi kwenye kituo cha afya kuliko tangazo la redio.

Inabaki shule. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali ni ya bure, na madarasa yamejaa pomoni. Katika chumba cha watoto themanini, mtoto anayeumizwa na kelele hawezi kudumu, na mwalimu hana kosa. Lakini sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia, na hilo ni fursa ambayo shule nyingi, hasa za binafsi, zinaikwepa. Mtoto ambaye mawasiliano yenyewe ni mlima, akidaiwa aupande kwa Kifaransa siku ya kwanza, amewekewa milima miwili. Na ushauri ambao wazazi hupewa mara kwa mara, kwamba waache Kiswahili nyumbani waongee Kifaransa peke yake, hauna msingi: tafiti hazijaona kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji, ilhali kumnyima lugha ambayo mama yake anaimbia na kubembelezea ni hasara iliyo wazi. Watoto hawa watakuwa vijana, kisha watu wazima wenye haki ya kazi, na wengine wao tayari wako kwenye karakana za Kenya na Kamalondo, mitaa ya mji huu, wakifanya kazi moja kwa usahihi wa ajabu huku wakiitwa wapumbavu.

Kila kituo cha afya cha mji huu kina siku yake ya kupima kilo. Akina mama wanapanga foleni, mtoto anawekwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, sindano inachomwa. Ninawaomba wenzangu wa Chuo Kikuu, wakuu wa idara ya afya ya mkoa wetu wa Haut-Katanga na wauguzi wenyewe tukae pamoja, tuandike maswali kumi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, tuyapime kwa uaminifu, kisha tuyapeleke pale kwenye mizani, yaulizwe kabla mama hajamfunga mtoto mgongoni na kuondoka.